Studio Yetu Isiwe Kama Benki

Chumba tumepata, wachoraji na washonaji wetu sasa wana pa kufanyia kazi. Lakini kamati inataka pesa yote iende kwenye meza za ofisi na viti vya magurudumu. Mimi nasema hapana, jamani.

Ukweli ni kwamba watu hawakai mule. Taa nyeupe zinaumiza macho, na kwa baridi hii ya Uingereza sakafu ni kama barafu. Baada ya nusu saa mtu kesharudi kujifungia hosteli peke yake.

Tuanze na taa za mezani zenye mwanga wa manjano. Halafu mikeka, na mabenchi ya ukutani ili watu watazamane, kama kwenye baraza za Lamu na Unguja. Kanga tutundike ukutani, zinapendeza na zinapunguza mwangwi. Udi tusahau, king'ora cha moto kitatutoa nje! Chai ya iliki na mdalasini itatosha kunukia.

Wapo watakaosema tunafungua kijiwe. Haya, tazameni wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, akafariki 1972. Mtindo wake haukufa, maana wanafunzi wake, baadhi yao jamaa zake, walijifunza wakiwa wamekaa naye. Mpaka leo wanachora pamoja huku wakipiga soga, na picha zinauzwa.

Meza mbili imara zinatutosha. Tutapiga kura Ijumaa, msikose. Na mwenye mkeka wa ziada aje nao.