Mtoto Hawezi Kuwa Imamu

Wengi wetu hudhani kwamba habari ya kumchagua mtawala na kumwondoa ililetwa na Wazungu, na kwamba Uislamu wajua sultani na amri yake tu. Sivyo. Sikilizeni kisa cha Omani.

Waislamu wa Kiibadhi wa nchi ile walimwita mtawala wao Imamu. Hakulazimika kuwa wa kabila la Mtume, wala mwana wa Imamu aliyetangulia. Wanavyuoni na wakubwa wa makabila walimchagua mtu wa elimu na haki, kisha watu wakampa mkono wa utii. Akiiacha sheria, aweza kuondolewa. Wala hayo hayakuwa maneno matupu: mwaka 886 Imamu Salt bin Malik, mzee aliyekuwa ametawala zaidi ya miaka 30, alitolewa kitini, na wanavyuoni wakabishana karne nyingi kama ilikuwa halali.

Baadaye ukoo wa Yaarubi ulishika uimamu, baba kwa mwana, watu wakazoea. Ndio waliowatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwaka 1698. Mwaka 1718 Imamu Sultan bin Saif akafa, akaacha mtoto asiyebaleghe, jina lake Saif. Makabila wakapiga kelele: huyu ndiye Imamu! Wanavyuoni wakakataa. Mtoto hawezi kuwasalisha watu; atawezaje kukabidhiwa mali zao, damu zao na ndoa zao? (Ufaransa hawakuona taabu hiyo. Mwaka 1715 Louis wa 15 alirithi ufalme akiwa na umri wa miaka mitano, akashikiwa serikali na jamaa yake.)

Watu wakaja na silaha. Kadhi mmoja, akiogopa damu isimwagike, akawaambia kwa Kiarabu, "Amamakum Saif," maana yake, Saif yuko mbele yenu. Hakusema "Imamukum", yaani Imamu wenu. Watu wakasikia walichotaka kusikia, wakatawanyika kwa furaha. Mimi karani wa parokia najua jinsi irabu moja iwezavyo kumpa mtu jina lisilo lake, lakini irabu ya kuzuia vita sikupata kuisikia. Wala haikuvizuia kwa muda mrefu.

Watu walipotulia, wanavyuoni wakamwingiza Muhanna bin Sultan katika ngome ya Rustaq kwa siri, wakamfanya Imamu. Kwa sheria walikuwa na haki, nami nawasifu. Lakini jambo litakiwalo kufanywa mbele ya watu wao walilifanya gizani, na hapo walijiharibia wenyewe. Muhanna akauawa, vita vikaenea nchi nzima, na mwaka 1737 Saif mwenyewe, sasa mtu mzima, akawaita askari wa Uajemi wamsaidie.

Katika magofu hayo ukainuka ukoo wa Busaidi. Ahmad bin Said alichaguliwa Imamu, lakini mjukuu wake Said, yule aliyehamia Unguja, hakutumia jina hilo. Aliitwa Seyyid tu. Hivyo Unguja ilipata masultani hadi mwaka 1964, isipate Imamu. Huko bara ya Omani walizidi kuchagua. Imamu wa mwisho, Ghalib bin Ali, alichaguliwa mwaka 1954, na vita vyake vilikwisha milimani mwaka 1959, alipokwisha kushindwa na majeshi ya Sultani yaliyosaidiwa na Waingereza.

Mwaka 2021 Omani iliandika sheria kwamba kiti humwendea mwana mkubwa wa Sultani. Akiwa hajatimiza miaka 21, baraza la walezi litamshikia.