Kisu kikiingia, usikichomoe (Sehemu ya 5)

Mama zangu na wadogo zangu wa Mpanda, leo nasema bila kupindisha: aliyechomwa kisu au mshale kifuani au tumboni, kupona kwake kunaanzia mikononi mwenu.

Tundu la nje linaweza kuwa dogo kama kifungo cha shati, kumbe ndani utumbo umetoboka. Usiseme "kidogo tu, tuone kesho". Uchafu ukimwagika tumboni, kila saa inayopita inaifanya operesheni kuwa ngumu zaidi. Kifuani, wengi hawahitaji operesheni kubwa: daktari anaweka mpira wa kutoa damu na hewa, pafu linafunguka. Lakini lazima afike akiwa hai!

Kwa hiyo kilichochomeka kiacheni hapo hapo, hata kama ni kijiti kilichomchoma mtoto alipodondoka mwembeni. Huenda ndicho kinachoziba damu. Utumbo ukitoka nje, msiurudishe. Funikeni kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji safi. Asile, asinywe, hata chai.

Na PF3 je? Mimi nasema mmoja aende polisi, wengine wamkimbize mgonjwa. Kutoka Karema au Ikola hadi Mpanda mjini si karibu, na masika mnaijua njia. Karatasi inaweza kufuata nyuma, damu iliyomwagika hairudi. Ndugu wawili watatu wenye afya nao waje, huenda akahitaji kuongezewa damu.

Msomeshe na baba watoto. Kisu hakichagui nyumba.