Kiti, Magoti na Sauti: Mwili katika Uongozi wa Kikatoliki

Aghalabu watu hudhani kwamba imani ya Kikatoliki ni suala la roho pekee, na kwamba mwili ni gunia tu la kuibebea roho hiyo. Istilahi yenyewe ya Kiswahili inaipinga dhana hii. Fumbo la Mungu kuwa mtu huitwa Umwilisho, na kiini cha neno hilo ni mwili. Muumini hubatizwa kwa maji yanayogusa ngozi, hupakwa mafuta, hupiga magoti, hula na kunywa. Askofu naye hapati daraja kwa barua; sharti awekewe mikono kichwani. Iweje basi mwili usahaulike pindi mjadala unapogeukia uongozi?

Yohane Paulo II alipochaguliwa Oktoba 1978 alikuwa na umri wa miaka 58, mtu wa kupanda milima na kuteleza thelujini. Kati ya 1979 na 1984 alitumia mikutano yake mingi ya Jumatano kufundisha kuhusu maana ya mwili wa binadamu. Baadaye alilirudia somo hilo bila maneno. Ugonjwa wa Parkinson ulimpinda mgongo, ukamtetemesha mkono, ukaugandisha uso uliokuwa mwepesi wa tabasamu. Tarehe 30 Machi 2005 alijitokeza dirishani mbele ya umati, akajaribu kusema, sauti ikamkatalia. Alifariki siku tatu baadaye. Wapo walioona kwamba mzee yule alifaa kupumzishwa mapema. Walisahau kwamba hadhira yake ilikuwa pia na wagonjwa na wazee, nao hawakuona aibu pale, walimwona mwenzao.

Hata hivyo, ni kosa kukifanya kisa hicho kanuni. Benedikto XVI alitangaza tarehe 11 Februari 2013, Siku ya Wagonjwa Duniani, kwamba nguvu zake hazikutosha tena kuibeba kazi ile. Baadhi walimlaumu kana kwamba ameukimbia msalaba. Lawama hiyo haina mashiko. Anayekiri kwamba mwili wake umechoka hajaudharau, ameusikiliza. Francisko naye, alipoanza kutumia kiti cha magurudumu mwaka 2022, alishikilia kwamba uongozi ni kazi ya kichwa, si ya goti. (Ajabu ni kwamba hadi 1978 Papa, hata mwenye magoti mazima, alibebwa mabegani kitini, na hakuna aliyemwita mlemavu.)

Tatizo halisi liko kwingine. Askofu akitimiza miaka 75 huombwa kuandika barua ya kung'atuka, na kardinali aliyetimiza 80 hapigi kura ya kumchagua Papa. Papa mwenyewe hana kikomo. Anaweza kujiuzulu kwa hiari, lakini je, akipoteza fahamu kwa miezi au miaka? Sheria ya Kanisa ya 1983 inataja hali ambapo kiti kimezuiliwa kabisa na kuelekeza kwenye sheria maalumu, ambazo hazijatungwa. Desemba 2022 Francisko alifichua kwamba tangu 2013 alikuwa ametia saini barua ya kujiuzulu endapo maradhi yangemzuia. Barua ya faragha haitoshi. Asiyeweza kusema huzungukwa na wanaodai kumsemea, na mwanafunzi yeyote wa fasihi anajua jinsi msimulizi wa namna hiyo asivyoaminika.

Wanaopinga sheria hiyo wanahofia kwamba itawapa madaktari mamlaka juu ya Papa. Hofu yao ina msingi, lakini ukimya wa sheria hauwaondoi madaktari chumbani, unawaficha tu. Sheria ingewataka waseme hadharani.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, Francisko alitoa salamu fupi kwa sauti ya shida, kisha ujumbe wake ukasomwa na mwingine huku yeye ameketi papo hapo rosheni. Alifariki asubuhi iliyofuata. Siku ile, angalau, msomaji na mwenye maneno walikuwa mahali pamoja, na umati uliwaona wote wawili.