Miwa Ipimwe Utamu Kabla ya Panga

Wakulima wa skimu za miwa, mwezi huu nataka tuzungumze habari ya chombo kidogo ambacho huingia katika mfuko wa koti. Wengi wamekiona mkononi mwa watu wa kiwanda, wakadhani ni darubini ya kutazamia mbali. Sivyo. Ni kipima sukari, na wataalamu hukiita rifraktometa. Shauri langu ni hili: chombo hiki kisikae kiwandani peke yake. Kila chama cha ushirika katika skimu kiwe nacho, na muwa wa mwanachama usikatwe kabla haujapimwa.

Mpango wa eka milioni moja ulipoanza mwaka 1962, wazee wetu walipewa mashamba pamoja na deni la kulipa. Walioangukia nchi ya Muhoroni walishika kilimo cha miwa, na mwaka 1966 kiwanda cha huko kikaanza kusaga. Tangu siku hizo mpaka miaka yetu hii, desturi imekuwa kulipa muwa kwa tani. Mzani husema uzito tu, hausemi utamu. Maji nayo ni mazito. Basi aliyengoja mpaka muwa ukakomaa, na yule aliyekata ungali mchanga, wote wawili hupewa bei moja kwa kila tani. Je, hapo ni nani atakayejisumbua kungoja?

Mimi mwenyewe niliingia katika kosa hili. Mwaka mmoja karo ya shule ilinibana, na mnunuzi akaja na lori jioni, akasema miwa yangu imekwisha kuwa tayari. Sikuwa na kitu cha kumjibu ila macho yangu. Nikakubali. Baada ya siku chache kijana mmoja wa kilimo alipita akapima mabua yaliyosalia pembeni mwa shamba. Sehemu ya chini ilisoma 17, na sehemu ya juu ikasoma 9. Miwa ile ilitaka miezi kadhaa zaidi. Karo nililipa, lakini tani ambazo zingeongezeka katika miezi hiyo nilizitupa kwa mkono wangu.

Msidhani hasara hiyo ni ya mtu mmoja. Miwa iliyokomaa vizuri, tani 10 hivi hutoa tani moja ya sukari. Miwa michanga hutaka tani nyingi zaidi kwa sukari ile ile, na viwanda vikigombania miwa, huishia kukata hata ile ya kesho. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa miwa iliyokomaa ilikuwa imepungua mashambani. Mkulima ambaye muwa wake ulikuwa tayari wakati huo alikaa akiutazama tu. Kosa la wengi lilimwangukia na yeye.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Mmepata kuona kijiti kilichotiwa katika glasi ya maji kikionekana kana kwamba kimevunjika. Ni kwa sababu nuru hupinda inapoingia majini. Maji yakiwa na sukari, nuru hupinda zaidi. Kipima sukari hupima kupinda huko, na kukuonyesha hesabu kwa digrii za Brix, jina la mtaalamu wa Ujerumani wa karne ya 19. Ukisoma 20, maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za maji ya muwa, gramu 20 hivi ni vitu vilivyoyeyuka, na katika muwa uliokomaa sehemu kubwa yake ni sukari.

Kukitumia si kazi ngumu. Kwanza tia tone la maji safi juu ya kioo, yale maji ya betri yasiyo na asidi, ufunike, na uelekeze penye mwangaza. Chombo lazima kisome sifuri. Kama hakisomi, kirekebishe kwa skrubu yake ndogo. Kisha chagua mabua kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za shamba, wala si ya ukingoni tu. Kamua tone moja kutoka pingili za chini, na tone jingine kutoka pingili za juu. Soma, andika, na kila mara ufute kioo kwa kitambaa laini chenye maji. Usipime mara baada ya mvua kubwa, wala usikiache chombo juani, maana joto hubadili hesabu.

Linganisha hesabu hizo mbili. Muwa hukomaa kutoka chini kwenda juu. Chini ikisoma 20 na juu 12, ungoje. Chini ikisoma 20 na juu 19, mwite mkataji. Na juu ikizidi chini, umechelewa. Muwa umeanza kupita wakati wake.

Inafaa pia tuseme ukweli juu ya upungufu wake. Chombo hiki huhesabu kila kitu kilichoyeyuka, hata chumvichumvi na sukari isiyogeuka kuwa chembe kiwandani. Muwa uliokatwa na kuachwa barabarani siku nne hukauka, na hesabu yake yaweza kupanda huku sukari nzuri ikiharibika ndani. Kwa hiyo kipimo cha mkulima ni kile cha muwa uliosimama shambani, pamoja na tarehe yake. Kiwandani, kujua sukari halisi, hutakiwa chombo kingine, yaani polarimeta.

Wako wanaosema, “Tukikubali habari ya utamu, watatuibia kwa kioo kama tunavyoogopa kuibiwa kwa mzani.” Hofu hiyo naielewa, lakini ndiyo sababu hasa ya kutaka kioo chetu wenyewe. Muuzaji asiyejua bidhaa yake hupangiwa bei na mnunuzi. Karani wa chama akiwa na daftari lenye namba ya shamba, tarehe, hesabu ya chini na hesabu ya juu, hata lori likichelewa wiki nzima tutakuwa na neno la kusema. Tena tutaweza kudai lililo haki: miwa mitamu ilipwe zaidi ya miwa ya maji.

Wengine watasema fedha hazipo. Kipima sukari cha mkono huuzwa shilingi elfu chache. Chama cha watu mia moja kikigawana bei hiyo, kila mmoja atatoa chini ya bei ya kilo moja ya sukari dukani. Atakayekitumia afundishwe na Afisa wa Kilimo, na kazi hiyo vijana wetu waliomaliza shule wataiweza vizuri.

Lakini chombo hakiwezi kumzuia mtu mwenye shida. Mwenye mgonjwa au mwenye karo atakata tu, hata akisoma 9. Kwa hiyo chama kinunuacho kipima sukari kiweke pia akiba kidogo ya kumkopesha mwanachama ambaye kipimo kimemwambia angoje. Bila hiyo tutakuwa tumenunua kioo cha kutazamia hasara yetu.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakutuambia tutajuaje kama imeiva. Leo twaweza kujua. Mkutano wa chama utakapoitwa, simama useme: kabla ya panga, kwanza tupime.