Hela ya umeme imekwenda wapi?

Mwanzoni mwa Septemba mwaka 2025, mama mmoja mpangaji wa Old Korogwe alimpa mwanawe Sh 3,000 akanunue umeme kwa wakala. Kijana yuko darasa la saba na mtihani wa taifa ulikuwa umebaki siku chache. Taa ilikuwa imeanza kumtisha mama mapema, maana mita ilishaanza kulia.

Mtoto alirudi na karatasi ya LUKU. Mama akaingiza namba, akaangalia mita: uniti 12 na ushee. Akahesabu kichwani. Katikati ya mwezi uliopita Sh 3,000 zilimpa uniti 24 na zaidi.

"Nusu ya hela iko wapi?"

"Mama, nimetoa yote."

"Usinidanganye. Umekula nini huko?"

Mtoto akaapa, akalia. Mama hakumwamini. Alimpiga makofi mawili na kumwambia usiku huo hana chakula. Kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, Sh 1,500 si hela ya kuchezea.

Kelele zilimfikia babu wa nyumba ya jirani, mzee wa miaka sabini na kitu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge. Akaja na mkongojo wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipe hiyo karatasi."

Akavaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Hapa chini umesoma? Wamekata 1,500. Ni kodi ya jengo. Mjukuu wangu hajala hela ya mtu."

Mama alikaa kimya. Hakuwa amewahi kuyaona makato yale, kwa sababu aliyekuwa akinunua umeme mwezi unapoingia ni mpangaji mwenzake wa chumba cha mbele, na huyo alihama Agosti. Kodi hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Anayenunua baadaye haioni.

Hivyo ndivyo kodi ya majengo inavyolipwa tangu Agosti 2021, ilipounganishwa na LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kukatwa Sh 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa mjini ilipanda kutoka 60,000 hadi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Mwezi usiponunua umeme, deni halifutiki. Hukusubiri, na ukinunua hukatwa la nyuma na la sasa.

Kwa familia inayotumia umeme mdogo, ambayo uniti moja huipata kwa kama Sh 122 pamoja na tozo zake, Sh 1,500 ni uniti 12 hivi. Ni usiku kadhaa wa mtoto kusoma.

Babu alikuwa na neno jingine. Alimwagiza mjukuu akamletee kopo la bati lililo chini ya kitanda chake. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi za kodi ya maendeleo, zimepauka, zimefungwa kwa kamba ya katani. Baba yake alilipa kodi ya kichwa enzi za Mwingereza. Yeye alilipa kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

"Zamani mgambo akikukamata, unamwonyesha hii," alisema. "Tuliichukia kodi ile, lakini kila mtu alijua kalipa. Na aliyelipa alikuwa na mdomo wa kuuliza. Siku hizi mnalipa gizani, halafu mnapiga watoto."

Maneno hayo yalimchoma mama. Alimwita mwanawe, akamshika kichwa, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikosea." Mtoto alikula usiku ule. Lakini mama hakulala mapema. Alikuwa na maswali.

Swali la kwanza lilihusu nyumba yenyewe. Yeye ni mpangaji, na kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kwa Kiswahili chetu neno ni moja: kodi ya chumba ni kodi, na ya serikali nayo ni kodi. Ndiyo maana wengi hawatofautishi. Mfumo wa LUKU humkata anayenunua umeme, awe mwenye nyumba au mpangaji. Serikali ilipouanzisha ilieleza kwamba mpangaji akikatwa, akubaliane na mwenye nyumba wake wafidiane kwenye kodi ya pango. Mama alimpigia baba mwenye nyumba, anayeishi Handeni. Hakugomba. Alimsalimia, akamweleza, na akamwambia karatasi anazo. Wakakubaliana kwamba wapangaji wote wa nyumba ile watatunza risiti za kila mwezi, na mwisho wa mwaka Sh 18,000 zitapunguzwa kwenye pango.

Swali la pili lilimhusu babu mwenyewe. Mzee anaishi kwenye nyumba yake na mjukuu mmoja, hana pensheni wala duka. Naye amekuwa akikatwa kila mwezi. Sheria inatoa msamaha kwa nyumba moja ya kuishi ya mtu mwenye miaka 60 au zaidi asiye na kipato, na vilevile kwa mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, mradi anaishi humo mwenyewe. Lakini msamaha hauji wenyewe, huombwa. Mzee huanzia kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kupata barua ya kumtambulisha, anachukua kitambulisho kinachoonyesha umri na namba ya mita yake, kisha anakwenda kwenye ofisi inayosimamia kodi hiyo. Mara nyingi anayekosa si kwamba hastahili. Hana wa kumsindikiza. Jumamosi hiyo mama alimwandikia babu namba ya mita kwenye daftari, na Jumatatu mtoto wake mkubwa akaenda naye.

Swali la tatu lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilikuwa la wakati ule. Oktoba 29, 2025 ilikuwa siku ya Uchaguzi Mkuu. Wagombea walikuwa wakipita mtaani na magari ya matangazo. Kwenye mikutano huahidi barabara, maji, zahanati, na watu hupiga vigelegele. Ni wachache wanaouliza fedha zinatoka wapi, na wachache zaidi wanaokumbuka kwamba zinatoka kwao.

Kura za siku hiyo zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na swali lake. Kiwango cha kodi ya majengo hupangwa kwa sheria inayopitishwa na Bunge, hivyo anayeona 1,500 ni nyingi kwa nyumba ya vyumba viwili amuulize anayeomba ubunge: ikija hoja ya kupandisha tena, utasimama wapi? Ukusanyaji haufanyiki tena kama ilivyokuwa kabla ya 2016. Sasa kodi hukatwa kupitia LUKU, na sehemu ya fedha hurudi halmashauri. Kwa hiyo anayeomba udiwani aulizwe: mwaka uliopita Halmashauri ya Mji wa Korogwe ilirudishiwa kiasi gani, na kata yetu ilipata nini? Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, kwa hiyo diwani hawezi kusema hahusiki. Na anayeomba urais ndiye atakayeunda serikali inayopeleka bungeni mapendekezo ya kodi kila Juni.

Mwenyekiti wa mtaa hakuwamo kwenye karatasi hizo, kwa kuwa alichaguliwa Novemba 27, 2024. Lakini barua ya babu inaanzia mezani kwake, na anaweza kuulizwa wazee wangapi wa mtaa amewasaidia.

Wapo watakaosema Sh 1,500 ni hela ndogo, ya nini kusumbuana. Na ni kweli kwamba shule, taa za barabarani na mitaro havijengwi kwa maneno. Mama yule mwenyewe hakusema hatalipa. Alichotaka ni kujua analipa nini, kwa niaba ya nani, na inakwenda wapi. Hilo ni deni ambalo anayepokea kodi anadaiwa na anayelipa.

Mkutano wa kampeni ulipofika karibu na mtaa wao, mama alikwenda na kijana wake. Maswali yalikuwa mawili, yameandikwa nyuma ya ile ile karatasi ya LUKU, kwa mwandiko wa mtoto. Muda wa maswali ulikuwa mfupi, akapata kuuliza moja tu, lile la udiwani. Mgombea alijibu kwamba atafuatilia hesabu hizo na kurudi.

Kijana akaandika tarehe na jibu. Nyumbani, mama alitafuta kopo tupu la maziwa, akaliosha, akalikausha juani. Risiti ya Septemba ilikuwa ya kwanza kuingia.