Luku Haikuulizi Kibali

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazina kibali cha ujenzi, na serikali inalijua hilo. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku: ukinunua umeme, imo. Hapo hakuna anayekuuliza kibali. Nenda sasa halmashauri ukakiombe. Utatakiwa uonyeshe umiliki wa kiwanja, michoro ya msanifu, michoro ya mhandisi. Aliyenunua kipande chake Kivule kwa karatasi ya serikali ya mtaa, ardhi haijawahi kupimwa, aonyeshe nini? Basi anajenga. Siku moja anarudi kutoka kazini anakuta X nyekundu ukutani, na ile kodi ya kila mwezi hakuna anayeitaja.

Sisemi kibali kifutwe. Mwaka 2013 ghorofa liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi likaua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa madukani. Yote mawili katikati ya jiji, si mabondeni! Huko ndiko mkaguzi alikotakiwa kushinda. Kivule mtupimie viwanja kwanza, kibali mtuulize baadaye.