Ujumbe Umefika, Jibu Liko Wapi?

Mwezi Machi mwaka 1872, Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akamwacha Livingstone kwenye tembe akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani. Waliwasili mwezi Agosti. Livingstone alingoja miezi mitano, lakini jibu lilifika. Njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipitisha barua na habari pamoja na pembe za ndovu, na mara nyingi mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi.

Leo mkazi wa Tabora anaweza kuifikia ofisi ya umma kwa dakika chache. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliweka msingi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayosimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Kupitia mfumo wa e-Mrejesho, mwananchi hutuma malalamiko, maulizo, mapendekezo au pongezi. Mwenye simu janja hutumia tovuti au programu ya simu; mwenye kitochi hubonyeza *152*00#.

Mwanafunzi mwenzangu, je, hapo tunaweza kusema kwamba wananchi wameshirikishwa? Kwa maoni yangu, bado. Zana hizi zina faida kubwa, lakini kazi yake haijakamilika mpaka jibu lirudi kijijini na kusikiwa na watu wote.

Kwanza, Ibara ya 21(2) ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Kulalamika ni sehemu tu ya kushiriki. Ukitoa taarifa kwamba pampu ya kisima imeharibika, fundi akaja, umepata huduma. Lakini nani aliamua kisima kichimbwe pale, na fedha za matengenezo zitatoka wapi mwakani? Maswali hayo yanahitaji mjadala.

Pili, lalamiko la simu ni la mtu mmoja. Watu kumi wanaweza kulalamikia kisima kilekile bila kujuana, na kila mmoja akadhani yuko peke yake. Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaotambuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, watu kumi wakisema jambo moja, kijiji kizima husikia, na viongozi hulazimika kujibu mbele yao.

Tatu, si wote wanaofikiwa. Mfugaji nyuki wa Sikonge anaweza kukaa porini siku nyingi mahali pasipo na mtandao. Bibi asiyejua kusoma hawezi kufuata maelekezo ya kwenye kioo cha simu. Tukitegemea mtandao peke yake, watasikika wale wale wenye simu, chaji na elimu.

Wapo watakaosema kuwa mikutano nayo ina kasoro: wenye sauti kubwa huitawala, vijana na wanawake hukaa kimya. Ni kweli. Mtu anayeogopa kumsema kiongozi hadharani anaweza kuandika kwa simu. Ndiyo maana sisemi tuache mtandao. Nasema tuuunganishe na mkutano. Mtendaji wa kijiji aje na muhtasari: malalamiko mangapi yametumwa kutoka kijijini, mangapi yamejibiwa, yapi bado na kwa nini. Majina ya waliotuma yasitajwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu. Muhtasari huo ubandikwe pia kwenye ubao wa matangazo.

Nawe una kazi hapa. Katika nyumba nyingi, mtoto wa sekondari ndiye anayeombwa, "Hebu niandikie hapa, mjukuu wangu." Usiandike mawazo yako ukayaita ya bibi. Andika alichosema: tatizo ni nini, liko wapi, lilianza lini, anaomba nini. Msomee kabla ya kutuma. Kama mfumo umetoa namba ya kufuatilia, iandike kwenye daftari. Jibu likija, msomee. Lisipokuja, mkumbushe aulize kwenye mkutano ujao. Hata kama hujafikisha miaka 18 ya kupiga kura, kazi hiyo unaiweza leo.

Stanley alipofika pwani, aliajiri watu na kuwatuma Kwihara. Kama angeishia kusema kwamba ombi limepokelewa, Livingstone angeendelea kukaa kwenye tembe lile. Bibi wa Uyui aliyeomba pampu itengenezwe naye anangoja, na ana haki ya kujibiwa.

Jadili: Je, katika kijiji au mtaa wako, majibu ya malalamiko ya wananchi huwafikiaje watu wasio na simu?